Daftari la Wapiga Kura la Sahara Magharibi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa historia, wanafunzi, na wageni wetu wote mliofika hapa Arusha,

Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya kisiasa ya koloni mojawapo la Hispania, na nadhani wengi wenu mlitarajia nchi ya Amerika ya Kusini, au Ufilipino, au pengine Guinea ya Ikweta. Nimechagua Sahara Magharibi. Katika kumbukumbu za Umoja wa Mataifa eneo hili bado limo katika orodha ya maeneo yasiyojitawala, yaani ukoloni wake haujafungwa kisheria hata leo. Zaidi ya hapo, mambo mawili makubwa ya historia yake yalitendeka Afrika Mashariki, moja Nairobi na jingine katika mji wetu huu, na ni nadra sana kuyasikia yakifundishwa madarasani mwetu.

Sitasimulia vita mwanzo hadi mwisho. Nitafuata jambo moja tu, nalo ni hesabu ya watu. Mwaka 1974 Hispania iliwahesabu Wasahrawi, yaani wenyeji wa eneo hilo, ikapata watu 73,497. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba kura ya maoni waliyoahidiwa watu hawa tangu mwaka huohuo haijapigwa, na kwamba kwa miaka mingi kilichoikwamisha ni ugomvi juu ya nani aandikwe katika daftari la wapiga kura, kwa sababu kila upande ulitambua mapema kuwa mwenye kuamua majina ndiye mwenye kuamua matokeo.

Eneo lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 266,000, kubwa kidogo kuliko Uganda, nalo liko katika pwani ya Atlantiki, likipakana na Moroko kaskazini, Mauritania mashariki na kusini, na Algeria kwa kipande kifupi. Mwaka 1884 Emilio Bonelli alisimamisha bendera ya Hispania katika rasi ya Río de Oro, mahali palipoitwa Villa Cisneros na ambapo leo ni mji wa Dakhla. Mipaka iliyobaki ilichorwa kwa mikataba kati ya Hispania na Ufaransa ya mwaka 1900, 1904 na 1912, bila mwenyeji hata mmoja kuulizwa. Hata hivyo, kuchora mpaka ni jambo moja na kutawala ni jambo jingine. Kwa nusu karne Wahispania walibaki pwani wakivua samaki na kufanya biashara ndogo, na mji wa Smara ulio bara, uliojengwa na Sheikh Ma al-Aynayn mwishoni mwa karne ya 19, hawakuushika hadi mwaka 1934. Laayoune, mji mkuu, ulianzishwa mwaka 1938. Kwa hiyo tunaposema kwamba Hispania ilitawala kwa miaka tisini, tukumbuke kwamba kwa watu wengi wa bara ilitawala kwa miaka arobaini tu.

Watu hao walikuwa wafugaji wa ngamia na mbuzi waliofuata mvua. Mvua haikujua mkataba wa 1904, wala ngamia hawakuujua, na kabila kubwa kama la Reguibat lilikuwa na koo zake Sahara ya Hispania, Mauritania, kusini mwa Algeria na kusini mwa Moroko kwa wakati mmoja. Naomba jambo hili mlishike, kwani ndilo lililokuja kuwapa kazi ngumu maofisa wa Umoja wa Mataifa miaka sitini baadaye. Kuna pia suala la waliohama kwa lazima. Mwaka 1957 wapiganaji wa Jeshi la Ukombozi kutoka Moroko, wakiungana na watu wa makabila ya Sahara, waliwashambulia Wahispania, na mwezi Februari 1958 majeshi ya Hispania na Ufaransa yakashirikiana kuwatimua. Familia nyingi zilikimbilia kaskazini, katika ukanda wa Tarfaya ambao Hispania iliikabidhi Moroko mwaka huohuo. Ukame wa miaka iliyofuata ukawaondoa wengine. Ilipofika sensa ya 1974, sehemu ya watu wa nchi hiyo walikuwa nje ya nchi.

Hispania nayo ilikuwa imebadilika. Fosfeti nyingi ilikuwa imegunduliwa Bou Craa mwaka 1947, na kufikia mwaka 1972 ilikuwa ikisafirishwa kwa mkanda wa kubebea madini wenye urefu wa karibu kilomita mia moja, kutoka jangwani hadi baharini. Kabla ya hapo, mwaka 1958, serikali ya Jenerali Franco ilikuwa imelitangaza koloni hilo kuwa mkoa wa Hispania, hila ambayo Ureno pia iliitumia Msumbiji na Angola ili kukwepa maswali ya Umoja wa Mataifa. Maswali hayakukwepeka. Azimio namba 1514 la mwaka 1960 lilitamka haki ya watu walio chini ya ukoloni kujiamulia mustakabali wao, na kuanzia mwaka 1966 Baraza Kuu liliitaka Hispania mara kwa mara iandae kura ya maoni katika Sahara.

Madrid ilijibu kwa kuunda Jemaa mwaka 1967, baraza la masheikh na wajumbe wa koo lililokusudiwa kuonekana kuwa sauti ya wenyeji. Vijana hawakutosheka nalo. Mwalimu wa Kurani na mwandishi wa habari, Mohamed Bassiri, aliyekuwa amesoma Cairo na Damascus, aliunda chama cha siri kilichodai uhuru kwa njia ya amani, na tarehe 17 Juni 1970 wafuasi wake walikusanyika katika mtaa wa Zemla mjini Laayoune ili kuwasilisha madai yao hadharani. Askari waliwapiga risasi. Bassiri alikamatwa, na hakuonekana tena. Somo ambalo kizazi kilichofuata kililipata kwa Bassiri halikuwa la amani: tarehe 10 Mei 1973 kilianzishwa chama cha ukombozi cha Polisario, mmoja wa waanzilishi wake wakuu akiwa El-Ouali Mustapha Sayed, kijana aliyekuwa akisoma sheria Rabat, mji mkuu wa Moroko, na ambaye mwanzoni alibisha hodi kwa vyama vya siasa vya Moroko akiomba msaada dhidi ya Wahispania. Siku kumi baadaye Polisario ilishambulia kituo chake cha kwanza cha Kihispania.

Mwezi Agosti 1974, baada ya mapinduzi ya Ureno kuonyesha mwisho wa makoloni ya Rasi ya Iberia, Hispania iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba itaitisha kura ya maoni katika nusu ya kwanza ya mwaka 1975. Sensa ilifanywa kwa ajili hiyo. Wasahrawi 73,497 waliandikwa, nao ni wale waliokutwa ndani ya mipaka. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru eneo hilo mwezi Mei na Juni 1975, ukiongozwa na Simeon Aké wa Ivory Coast, ulieleza wazi kasoro hiyo ya kuachwa kwa watu walio uhamishoni. Ujumbe huo uliona jambo jingine ambalo Wahispania wenyewe hawakulitarajia: kila ulikopita ulipokewa na umati wenye bendera za Polisario, na karibu kila aliyehojiwa ndani ya eneo alisema anataka uhuru na hataki kuunganishwa na Moroko wala Mauritania. Chama cha PUNS kilichoundwa kwa msaada wa Hispania kilikuwa kivuli tu.

Mfalme Hassan II wa Moroko hakukubali kura hiyo. Tangu mwaka 1956 chama cha Istiqlal cha Allal al-Fassi kilikuwa kikihubiri Moroko Kubwa yenye kuchukua Sahara, Mauritania yote na sehemu za Algeria na Mali, na ni kwa sababu hiyo Moroko haikuitambua Mauritania hadi mwaka 1969. Tusisahau pia mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika wa Cairo, mwezi Julai 1964, ulioamua kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe. Azimio hilo lililetwa na Mwalimu Nyerere. Somalia ililipinga, na Moroko haikulikubali. Msimamo wa Tanzania juu ya Sahara, ambao baadhi ya watu huuona kama ukaidi wa zama za ukombozi, una mizizi Cairo kabla ya Polisario kuzaliwa.

Badala ya kura, Moroko iliomba mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliulizwa kama eneo hilo lilikuwa halina mwenyewe wakati Hispania ilipolitwaa, na kama halikuwa hivyo, lilikuwa na uhusiano gani wa kisheria na Moroko na Mauritania. Maoni yake yalitolewa tarehe 16 Oktoba 1975. Ilisema nchi ilikuwa na wenyewe, watu wenye mpangilio wa kijamii na wa kisiasa chini ya viongozi wao. Ikakiri kwamba baadhi ya makabila yalikuwa na utii kwa Sultani wa Moroko, na kwamba palikuwa na haki fulani za ardhi zilizoyaunganisha na nchi ya Mauritania. Lakini ikakataa kwamba uhusiano huo ulikuwa umiliki wa nchi, na ikahitimisha kwamba hakuna kitu humo cha kuzuia watu wa Sahara kujiamulia. Siku hiyohiyo Hassan II alichukua kile kipande cha utii, akaacha hitimisho, na kutangaza kwamba raia 350,000 wa Moroko wataingia Sahara kwa miguu, wakiwa na Kurani mkononi. Maandamano ya Kijani yalivuka mpaka tarehe 6 Novemba. Siku chache kabla yake wanajeshi wa Moroko walikuwa wamekwisha kuingia kutoka upande wa kaskazini-mashariki, mbali na kamera.

Franco alikuwa mahututi. Tarehe 14 Novemba 1975, siku sita kabla ya kifo chake, Hispania, Moroko na Mauritania zilitia saini makubaliano ya Madrid, ambayo kwayo Hispania ilizikabidhi nchi hizo mbili utawala wa eneo, na ikajibakizia asilimia 35 ya kampuni ya fosfeti. Kisheria lililokabidhiwa ni lipi? Mwanasheria mkuu wa Umoja wa Mataifa, Hans Corell, aliulizwa swali hilo miaka ishirini na sita baadaye, naye mwezi Januari 2002 akajibu kwamba makubaliano ya Madrid hayakuhamisha umiliki wa nchi, kwa kuwa Hispania peke yake haikuwa na mamlaka ya kuuhamisha.

Makubaliano yale yalitaja kwamba maoni ya wenyeji yatasikilizwa kupitia Jemaa. Lakini tarehe 28 Novemba wajumbe 67 wa Jemaa walikutana Guelta Zemmur, wakalivunja baraza na kutangaza kuiunga mkono Polisario. Mabaki ya baraza hilo yaliitishwa Laayoune tarehe 26 Februari 1976, siku Hispania ilipoondoka, yakapiga makofi ya kuridhia muungano, na Hispania yenyewe ikakataa kuyatambua kuwa ni mashauriano. Usiku wa kuamkia siku iliyofuata Polisario ilitangaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kiarabu ya Sahara huko Bir Lehlou. Wakati huo makumi ya maelfu ya watu walikuwa tayari njiani kuelekea mashariki, wakishambuliwa na ndege za Moroko katika vituo vyao vya muda, hadi walipofika karibu na Tindouf nchini Algeria. Kambi walizozijenga zilipewa majina ya miji waliyoikimbia: Laayoune, Smara, Dakhla, Auserd. Watu waliohesabiwa mwaka 1974 wakawa sasa wamegawanyika pande mbili za mstari wa vita.

Vita nitaipita haraka. El-Ouali aliuawa mwezi Juni 1976 akirudi kutoka kushambulia Nouakchott, mji mkuu wa Mauritania. Mauritania ilichoka, serikali yake ikapinduliwa mwezi Julai 1978, na mwezi Agosti 1979 ikasaini amani na Polisario na kuachia madai yake, ambapo Moroko ililichukua upesi eneo la kusini ililoliacha. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1987 Moroko ilijenga ukuta wa mchanga na mawe wenye urefu wa kilomita zipatazo 2,700, uliozungushiwa mabomu ya kutegwa ardhini, na nyuma yake ikabaki na miji, fosfeti, bahari na karibu robo tatu au zaidi ya nchi.

Sasa nifike Nairobi. Mwezi Juni 1981 wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana pale chini ya uenyekiti wa Rais Daniel arap Moi. Hassan II alihudhuria mwenyewe na kukubali, mbele ya wenzake, kura ya maoni aliyoiita yeye "yenye kudhibitiwa". Iliundwa kamati ya utekelezaji ya nchi saba: Guinea, Kenya, Mali, Nigeria, Sierra Leone, Sudan na Tanzania. Ilipokutana Nairobi mwezi Agosti, kamati hiyo ilifanya kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote zilizofanywa na Afrika katika shauri hili: iliandika kwamba wapiga kura wataulizwa kuchagua kati ya uhuru na kuungana na Moroko, na kwamba watakaopiga kura ni Wasahrawi walioorodheshwa katika sensa ya Hispania ya 1974 waliotimiza umri wa miaka 18. Hesabu ya mkoloni, yenye kasoro zilizojulikana, ikafanywa msingi wa haki ya watu kujitawala, kwa sababu haikuwepo nyingine ambayo pande zote zingeweza kuishika mkononi.

Mbona haikutekelezwa? Moroko ilikataa kukaa meza moja na Polisario, na bila kusimamisha mapigano hakuna kura. Mwezi Februari 1982 Katibu Mkuu Edem Kodjo aliiruhusu Jamhuri ya Sahara kuketi katika kikao cha mawaziri mjini Addis Ababa, nchi 19 zikatoka nje, na mkutano wa wakuu uliopangwa Tripoli mwaka huo haukufanyika kwa kukosa akidi. Umoja wetu nusura uvunjike kwa ajili ya kiti kimoja. Mwezi Novemba 1984, Addis Ababa, kiti kilikaliwa, Moroko ikajitoa, na aliyechaguliwa mwenyekiti katika kikao hichohicho alikuwa Mwalimu Nyerere. Wapo wanaosema Afrika ilikosea kuitambua jamhuri kabla ya kura, kwa kuwa ilijiondolea nafasi ya upatanishi. Mimi nauona uzito wa hoja hiyo, na ni kweli kwamba baada ya hapo shauri lilihamia New York, kwa Umoja wa Mataifa. Ila nauliza: mpatanishi angefanya nini zaidi na mtu aliyekwisha kukataa kumwona mwenzake?

New York ilirithi mpango wa Nairobi karibu kama ulivyokuwa. Kwa azimio namba 690 la tarehe 29 Aprili 1991 Baraza la Usalama liliunda MINURSO, ujumbe ambao jina lake lenyewe linataja kura ya maoni. Mapigano yalisimama tarehe 6 Septemba 1991. Na kura ilipangiwa mwezi Januari 1992. Hapo ndipo vita ya majina ilipoanza kwa dhati. Moroko ilileta orodha ya watu 120,000 zaidi, ikisema ni Wasahrawi walioachwa na sensa, na mwezi huohuo wa kusimamisha mapigano ikaanza kuwasafirisha maelfu ya watu kutoka kusini mwa Moroko na kuwaweka katika mahema ndani ya eneo. Mwishoni mwa mwaka Katibu Mkuu Javier Pérez de Cuéllar, akiwa anaondoka madarakani, alitoa vigezo vipya. Mbali na waliokuwa katika sensa, wangeingia walioishi humo wakati wa sensa wasihesabiwe, jamaa wa karibu wa makundi hayo mawili, watoto wa baba Msahrawi aliyezaliwa ndani ya eneo, na watu wa makabila ya Sahara waliokaa humo miaka sita mfululizo au kumi na miwili kwa vipindi kabla ya tarehe 1 Desemba 1974.

Fikirini maana yake kwa ofisa aliyekaa mezani. Mzee anafika, hana cheti cha kuzaliwa, anadai baba yake alizaliwa karibu na kisima fulani kilicho upande huu wa mpaka. Ushahidi ni neno lake, na neno la masheikh wawili wa ukoo wake, mmoja kutoka upande wa Moroko na mwingine kutoka kambini Tindouf. Sheikh wa kwanza anasema namjua, wa pili anasema simjui. Kazi hiyo ilianza mwezi Agosti 1994, ikasimama mwaka 1996 kwa sababu pande hazikukubaliana juu ya makundi matatu ya makabila ambayo watu wake wengi waliishi nje ya eneo, ikafufuliwa kwa makubaliano ya Houston ya Septemba 1997 yaliyosimamiwa na James Baker, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, na ikamalizika Desemba 1999. Nasisitiza kwamba ilimalizika, kwa sababu mara nyingi huelezwa kana kwamba ilishindikana kabisa. Waliosikilizwa walikuwa karibu 198,000, na waliokubaliwa kuwa na haki ya kupiga kura walikuwa 86,386. Ukilinganisha na ile sensa, ukizingatia robo karne ya kuzaliana na kwamba wapiga kura ni watu wazima tu, haikuwa mbali sana na hesabu ya Wahispania.

Kisha zikaja rufaa, zaidi ya 130,000, nyingi mno zikitoka upande wa Moroko. Kuzisikiliza zote kungechukua miaka mingine mingi. Daftari lilikuwepo, na mtu yeyote aliyelisoma aliweza kukisia matokeo. Katika hali hiyo rufaa zilikuwa njia halali ya kuizuia kura isiyotakiwa. Katibu Mkuu Kofi Annan alianza kuandika juu ya kutafuta njia nyingine, na utambuzi wa wapiga kura ukafungwa makabatini.

Yaliyofuata yanaleta utata katika hoja yangu, na sitaki kuuficha. Mwaka 2003 Baker alileta mpango wa pili: utawala wa ndani kwa miaka minne au mitano, halafu kura ya mwisho, na safari hii wangepiga kura pamoja na waliotambuliwa, wakimbizi walioandikishwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na kila mtu aliyekuwa akiishi ndani ya eneo mfululizo tangu tarehe 30 Desemba 1999. Maana yake walowezi kutoka Moroko wangekuwa wengi katika daftari. Polisario, kwa mshangao wa wengi, ilikubali. Moroko ilikataa, kwa kuwa uhuru ulibaki miongoni mwa majibu yanayoweza kuchaguliwa. Baker alijiuzulu mwezi Juni 2004. Kutoka hapo ugomvi haukuwa tena wa nani aulizwe peke yake. Ulikuwa pia wa kama swali lenyewe liulizwe. Naweza kudhani tu kwamba Rabat haikuwa na hakika hata na watu iliowapeleka yenyewe.

Mwaka 2007 Moroko iliwasilisha mpango wa utawala wa ndani chini ya mfalme, na tangu wakati huo mataifa makubwa yamekuwa yakiusogelea: Marekani ilitambua umiliki wa Moroko mwezi Desemba 2020, wiki chache baada ya usitishaji wa mapigano kuvunjika huko Guerguerat, karibu na mpaka wa Mauritania, Hispania yenyewe ikabadili msimamo mwezi Machi 2022, Ufaransa mwezi Julai 2024. Kenya, iliyoitambua Jamhuri ya Sahara mwaka 2005, imeyumba zaidi ya mara moja, na mwezi Mei 2025 waziri wake wa mambo ya nje, Musalia Mudavadi, aliusifu mpango huo akiwa Rabat. Nchi iliyoongoza kamati ya 1981 haina budi kulieleza hilo kwa wananchi wake.

Mahakama zimeelekea upande mwingine, na hapa ndipo mji wetu unapoingia. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa Arusha, ilipokea shauri la raia wa Ghana dhidi ya nchi nane, Tanzania ikiwamo, akidai kwamba zilivunja wajibu wao kwa kuiruhusu Moroko kurudi katika Umoja wa Afrika mwaka 2017 bila masharti. Tarehe 22 Septemba 2022 mahakama iliona kuwa nchi hizo hazikuwa zimevunja wajibu huo. Hata hivyo ilitamka kwamba kuendelea kukaliwa kwa Sahara Magharibi na Moroko hakupatani na haki ya watu wake kujiamulia, na kwamba nchi zote wanachama zina wajibu wa kuwasaidia kuipata. Ulaya nako, tarehe 4 Oktoba 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha uhalali wa mikataba ya biashara na uvuvi kati ya Umoja huo na Moroko kwa kadiri ilivyogusa Sahara. Sababu yake inafaa kusomwa na kila mwalimu wa historia: Tume ya Ulaya iliwahoji wakazi wa eneo, ambao wengi wao si Wasahrawi, ilhali ridhaa iliyohitajika ni ya watu wa Sahara Magharibi, ambao wengi wao wanaishi nje ya eneo hilo. Hata katika kesi ya samaki na nyanya swali lilirudi palepale.

Tarehe 31 Oktoba 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2797 kwa kura 11, Urusi, China na Pakistan zikijizuia na Algeria ikikataa kushiriki. Azimio hilo linataka mazungumzo yafanyike kwa msingi wa mpango wa Moroko, na liliongeza muda wa MINURSO kwa mwaka mmoja. Magazeti mengi yaliandika kwamba Moroko imeshinda, na kidiplomasia sina sababu ya kuyabishia. Lakini azimio hilohilo linataka suluhu itakayokubaliwa na pande zote na itakayowapa watu wa Sahara Magharibi haki ya kujiamulia; na mpango wa 2007, ukiusoma hadi mwisho wa sehemu yake ya kwanza, unaahidi kwamba utaratibu wa utawala wa ndani utapelekwa kwa watu husika waupigie kura kwa uhuru.

Kwa hiyo wakiketi na kuafikiana, hata kama uhuru hautakuwamo katika karatasi ya kura, watalazimika kusema ni nani atakayepewa karatasi hiyo. Je, ni wakazi wa Laayoune na Dakhla wa leo? Au walioko Tindouf, ambao Shirika la Wakimbizi liliwakadiria mwaka 2018 kuwa zaidi ya 173,000, na ambao wengi wao wamezaliwa kambini? Au ni wale 86,386 na watoto wao? Daftari la mwaka 1999 liko katika hifadhi ya Umoja wa Mataifa, na hakuna azimio lililolifuta.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Maswali nayakaribisha.